Nusu Kilo ya Shayiri

Zabrze, mwezi wa Januari.
Moshi wa makaa ya mawe umelalia mapaa
kama blanketi ambalo hakuna aliyeliomba.
Mama ameziba nyufa za dirisha kwa taulo mbichi,
na mimi, dada mtu, kitanda cha juu,
nahesabu.

Witek, una miaka kumi na miwili
na unashusha pumzi kama mzee aliyefiwa.
Mara moja. Nafika kumi na moja.
Mara ya pili.
Unapiga miayo, unasafisha koo, unaigugumia hewa
kama mwenye kiu aliyepewa uma anywee maji.

Pumu tunaijua. Tumeishi nayo tangu hujajua kufunga viatu:
ile filimbi nyembamba kifuani, kikohozi cha saa tisa usiku,
Mama na kipuliza cha buluu, Baba anatafuta funguo,
teksi,
na asubuhi mkate wa siagi kwenye sinia ya hospitali.
Ile ina sauti yake. Hata paka huijua, hukimbilia jikoni.

Hii ya mwaka huu haina filimbi.
Dakika ya sita ya mpira wa mikono
mabega yanakupanda hadi masikioni,
vidole vinakufa ganzi, midomo inakuchonyota,
unapuliza dawa mara mbili, mara nne,
haijibu.
Kocha akasema, "Anaogopa mechi."
Shangazi Hildegarda akasema, "Anadeka."
Nami, nisamehe, nilisema yayo hayo,
kwa maneno mabaya zaidi, mbele ya rafiki zako.

Hospitalini ukapuliza kwenye mrija.
Mstari ukapanda vizuri kwenye kompyuta.
"Mapafu yako safi," daktari akasema,
ukaanza kulia,
maana kama mapafu ni safi
basi mwongo ni wewe.

Bi Bogumiła, tabibu wa viungo,
soksi moja ya kijani, moja ya kijivu,
ndiye aliyekwambia huongopi.
Akakulaza chali, mkono kifuani, mkono tumboni,
tukatazama upi unainuka.
Wa kifuani uliruka kama kifuniko cha sufuria.
Wa tumboni ulitulia, kana kwamba haya hayauhusu.
"Pumu ilikufunza hofu," akasema.
"Siku nyingine pumu haipo, hofu imebaki zamu peke yake.
Hujapungukiwa hewa, mwanangu. Unaivuta nyingi mno,
na mwili umesahau namna ya kuiachia."

Pumzi iliyosahau kupumzika.

Basi kila jioni, nusu kilo ya shayiri
ndani ya mfuko wake wa karatasi, juu ya kitovu chako.
Vuta kwa pua. Shayiri ipande.
Subiri.
Ishuke.
Wiki ya kwanza mfuko ulipasuka, tukalalia punje.
Ya tatu ulisema ni upuuzi, ukaurusha ukutani.
Mechi ya Februari ulitoka dakika ya tisa,
si ya sita. Hakuna aliyepiga makofi ila mimi.

Na Babu Alojzy, miaka ishirini na tisa mgodini,
ambaye kifua chake kweli kimejaa mawe,
hana hewa ya ziada hata kijiko.
Jana akasema, "Hebu lete huo mfuko."
Akauweka juu ya fulana yake, akavuta.
Shayiri ikapanda upana wa ukucha.
Mkacheka, kicheko kikawapalia nyote wawili,
Mama akasimama mlangoni, kipuliza mkononi,
asijue amkimbilie nani.

Sasa ni usiku tena.
Umeshusha pumzi mara moja. Nahesabu:
kumi na moja. Ishirini. Arobaini na nne.
Kimya.
Hapo ndipo nagundua
anayebana pumzi ni mimi,
tangu lini, sijui,
labda tangu ile teksi ya kwanza.

Nainama ukingoni. Umelala, mdomo wazi.
"Funga mdomo, Witek," nanong'ona,
na yangu inatoka, ndefu, ina mtetemo,
hata paka anageuza sikio.