Mizani na Kina

Miaka kumi na moja nimepima malori
kwenye mizani ya barabara ya Tororo kwenda Mbale:
ekseli ya mbele, ekseli ya nyuma,
saruji, sukari, mbolea chini ya turubai.
Jioni napima silabi. Mizani zote mbili nazijua,
na zote mbili hudanganywa:
dereva hushusha magunia kabla ya kona,
mtunzi hupachika "ewe" pale pumzi ilipopungua.

Ofisini tulikuwa na dira ukutani, ndani ya kioo,
dhamira chini yake, na chini ya dhamira, ndoo
ya kukingia maji ya paa.

Ndipo akaletwa Mhandisi Nyafwono.
Tulitegemea semina: chai, sambusa, posho ya safari.
Akaomba chaki.

"Shimo la kilomita ya kumi na nne lina kina gani?"
Obbo wa hesabu akajibu: "Limo kwenye ripoti."
"Kina gani?"
Kina nilichokijua mimi ni kile cha mwisho wa mstari.

Tukapanda pikapu. Akazamisha rula ya mwanawe
mpaka rula ikamezwa, na mkono ukafuata.
Majini mlikuwa na viluwiluwi.
"Shimo lenye wapangaji," alisema Obbo. Hatukucheka.
Muuza mihogo akainua macho:
"Mmekuja kulipima tena?"

Tena. Neno hilo tulirudi nalo garini,
likakaa kiti cha mbele.

Nyuma ya mlango Mhandisi akaandika safari ya barua.
Masjala: siku mbili.
Mhasibu: sita.
Kampala, tuliyoilaani kila asubuhi kwa chai:
siku nne, pamoja na muhuri.
Chaki ikasimama.
"Hapa siku arobaini na moja. Meza ya nani?"

Nikavuta droo. Barua ilikuwa imelala
chini ya beti zangu, ina alama ya kikombe.
Siku zile zile nilikuwa natunga lalamiko:

*Njia yetu ina kovu, nani atakuja ponya?*
*Lami imekuwa jivu, na mashimo yanasonya,*
*Wakubwa wote wavivu, barua zetu wafinya,*
*Kilio chetu kikavu, vumbi kooni lapenya.*

Mizani sawa. Vina sawa.
Na barua iliyofinywa, iko mkononi mwangu.

"Yangu," nikasema, nikangoja karipio.
Akaandika 41, bila jina,
akaniuliza kilichokuwa kinanizuia.

Miaka kumi na moja, hakuna aliyewahi kuniuliza.
Nikasema: fomu inataka sahihi tatu,
wa pili yuko Soroti, huja Jumatatu, akija.
Nikasema, na sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka:
hapa aliyekosea hukatwa posho,
aliyechelewa hakatwi kitu.

Obbo akatazama viatu vyake.
Mhandisi akafuta sahihi mbili kwa kiganja,
kiganja kikabaki cheupe siku nzima.

Sisemi tumeokoka. Shimo lilizibwa siku ya tisa,
mvua za Agosti zikalifumua upande mmoja:
mkandarasi alibana lami, akaongeza mchanga,
na aliyekagua alikagua akiwa ndani ya gari.
Hilo nalo likaandikwa mlangoni.
Likazibwa upya kwa siku sita.
Mpaka rangi amekuja mara mbili kupaka mlango ule,
mara mbili tumemrudisha.

Nyumba yangu iko jirani na kilomita ya kumi na nne.
Zamani nilihesabu malori kitandani:
gudu, ekseli ya mbele,
gudu, ya nyuma, na sufuria kujibu jikoni.
Juzi nikashtuka saa tisa usiku.
"Kuna nini?" akauliza mke wangu.
Nikasikiliza. Lori lilikuwa linapita,
tani arobaini na nane, kwa kukadiria,
na sufuria hazikusema neno.
"Hakuna kitu," nikamwambia,
nikakaa macho mpaka alfajiri, nikikisikiliza.