Herufi ya Kwanza

Sivakasi, nyuma ya ghala la fataki,
kwenye kiwanda cha kadi za harusi,
Ponnuthai husoma kila kadi kinyumenyume:
ukumbi, saa, majina ya wazazi na shahada zao,
ili jicho lisipumbazwe na maana.

Neno moja la Kiingereza halikosi.
"Auspicious".
Waingereza wenyewe, nasikia,
hulivaa kwa nadra, kama suti ya kukodi.
Hapa hulitumia kama chumvi.

Alipoanza kazi aliuliza maana yake.
Mzee Sankaralingam akafuta wino vidoleni:
Si furaha. Si bahati pia,
bahati humwangukia hata mwizi.
Ni mlango ambao hujaufungua
na ndani unasikia vyombo vinapangwa.

Kamusi ikaongeza: asili yake ni Roma,
mtu ameinua uso, anatazama ndege
kabla jiwe la msingi halijawekwa.
(Nami ninayeandika haya nilicheka.
Kiswahili hakikwenda Roma kuuliza,
na bado husema ndege njema, ndege mbaya,
wala hakidai kuona manyoya.)

Jumatatu ile, kadi mia nne,
A ikateleza, S ikakaa mahali pake.
Herufi moja tu, na Kiingereza kizima kikageuka:
*Karibuni katika tukio hili
la kutiliwa shaka,
saa kumi na mbili hadi saa moja u nusu asubuhi.*

Mama wa bwana harusi hakucheka.
Alizitupa mezani kama samaki waliooza.
Ponnuthai akabaki usiku, peke yake na mashine,
akichapa upya, akikausha upya,
akikumbuka kadi yake mwenyewe,
miaka kumi na moja sasa:
herufi zote sawa,
saa iliyochaguliwa na mnajimu wa Madurai,
dhahabu pembeni isiyobanduka mpaka leo.
Mume alibanduka masika ya pili.

Alfajiri bibi harusi akaja mwenyewe,
Thamarai, nywele zina maji,
skuta hakuizima.
Akachukua furushi la kadi njema.
Kisha akainama kwenye pipa la taka,
akaokota moja mbovu, akaisoma kwa sauti,
akaitia mkobani.

Hii yangu, alisema.
Tumejuana wiki tatu.

Akaondoka bila kofia ya skuta.
Ponnuthai akasimama mlangoni, ameinua uso.
Juu ya waya wa umeme, kunguru wawili.
Hakuwahesabu.