Miraba Kumi na Miwili na Nusu

Karatasi ya moyo ilitoka kwenye mashine ikijikunja,
Fundi Matimbwa akaidaka kabla yangu,
akaivutia kwenye mwanga kama kitenge cha mteja msumbufu.
"Daktari, aliyeshona hapa alikuwa amelewa.
Tazama: mfupi, mfupi, mrefu, mfupi,
halafu ameruka kabisa.
Kijana wa hivi ningemrudisha kwao."

Nikacheka. Ndivyo ulivyo, nikamwambia.
Vyumba vya juu vya moyo wako havipigi, vinatetemeka,
na vya chini vinamfungulia yeyote anayebisha hodi.

Alikuja na Mwajabu, bintiye, kutoka Keko Machungwa,
na bahasha ya kaki, na haja moja:
aondoke na dawa. Leo. Ya kunyoosha mshono.
"Jirani yangu kapewa sotaloli. Siku ya tatu
anapandisha ngazi na robota begani."

Nilikwishaandika jina. Umri, sitini na tisa.
Kalamu ikagoma kwenye mstari wa dawa.

Zipo dawa zinazokwenda kumkamata mwizi
na zikimkosa zinamfunga mwenye nyumba.
Dawa ya moto ni moto, walisema waliotutangulia;
hawakusema nani ashike ndoo
moto wa pili ukidaka paa.

Yupo mmoja nisiyemtaja.
Mwaka wangu wa kwanza, hospitali nyingine,
nilimwandikia vidonge viwili kwa siku
kwa mwandiko mzuri sana.
Sikuuliza hali ya figo zake.
Alianguka dukani akisubiri chenji.
Mwandiko ule ungali mzuri. Niliuona tena kwenye faili.

Basi nikachukua rula.
Kutoka wimbi linapoanza kushuka kabla ya kilele
hadi kilima cha mwisho kinapolala.
Mraba mdogo mmoja, milisekunde arobaini.
Moyo wa namna hii haupimwi kwa pigo moja:
nikapima kumi, nikajumlisha.
Katikati ya hesabu feni ikasimama,
umeme wa Temeke ukaenda zake,
Mwajabu akanimulikia kwa tochi ya simu.
Kumi na mmoja. Kumi na minne. Kumi na miwili na kitu.
Wastani: miraba kumi na miwili na nusu.

Nusu sekunde nzima moyo unajikusanya,
na mimi bado sijampa kitu.

"Umetumia dawa gani wiki hii, Fundi?"
"Hakuna."
Mwajabu akakohoa. "Baba."
Akatia mkono kwenye mfuko wa koti.
Ikatoka futikamba. Ikatoka chaki, kifungo cha sare,
halafu dawa mseto, nusu imeliwa,
aliyoinunua bila kupima malaria,
na erithromaisini, za waridi, za kikohozi.
"Homa ilikuwa ya kawaida tu," alisema.
"Na tumbo. Kuharisha kidogo. Siku nne."

Siku nne.
Nikaiwazia potasiamu yake ikichuruzika
kama maji kwenye ndoo yenye ufa,
na ile sotaloli ya jirani ikingoja mlangoni,
imenyoosha mkono, inasalimia vizuri.

Nikaandika: potasiamu, magnesi, kreatinini.
Nikaandika: kipimo cha malaria, picha ya moyo.
Za waridi nikazitia kwenye droo yangu.
Kwenye mstari wa dawa ya mapigo nikachora kistari.
"Usiku huu unalala wodini, kwenye mashine."

"Nina sare ishirini na mbili! Shule zinafunguliwa Jumatatu!"
Nikanyamaza. Naye akanyamaza,
akaizungusha futikamba kidoleni, akaifungua, akaizungusha.
"Nguo ikimbana mteja," akasema mwishowe,
"wapo wanaokimbilia mkasi.
Mimi humwambia kwanza ashushe pumzi."
Akampa Mwajabu ufunguo wa kibanda.

Saa nne usiku nikapita.
Juu ya kitanda mstari wa kijani ulikuwa ukirukaruka,
mfupi, mrefu, mfupi, mfupi.
Alikuwa macho, miwani puani,
anakagua pindo la shuka la hospitali.
"Na hili," akaninong'oneza,
"kashona yule yule."