Mkono wa Pili

Leo Jumamosi nimefunga karakana mapema,
vumbi la mninga bado nyusini,
tumesimama mimi na Sikudhani kwenye duka la dawa, Chang'ombe,
nachagua chupa kama mtu anayechagua bawaba.

Ya kwanza ina picha ya mwanamke anacheka ufukweni.
Kijana wa kaunta, Lupakisyo, jina liko kifuani,
anasema hii ndiyo inayotoka sana, mzee,
inakinga jua na kung'arisha ngozi.
Kung'arisha!
Huyu, kijana, ameng'aa tangu leba.
Mkunga alimwinua, akanyamaza,
na mama yake akampa jina palepale.

Rudisha. Lete nyingine.

Naigeuza, nasoma mgongoni,
maana mbele ya chupa ni mlango wa kabati la maonyesho:
nje msasa, ndani mbao za maboksi.
Daktari wa ngozi aliniambia, thelathini ndiyo sakafu,
usishuke hapo;
na iwe inakinga miale yote miwili,
ile inayochoma
na ile inayoingia bila hodi.

Hii hapa. Hamsini. Imeandikwa yote.
Lakini chupa ni ya moto kama kikombe cha chai.
Imekaa dirishani, inatazama barabara,
tangu Krismasi labda.
"Mafuta ya jua mmeyaanika juani?"
Anacheka. Mimi sicheki.
"Nenda stoo. Niletee iliyolala gizani, na tarehe niione."

Elfu thelathini na tano.
Stuli tatu hizo, bila vanishi.
Nalipa.

Jua nalijua. Nimeliona likipasua mlango wa mvule
uliomshinda mwizi.
Na kupaka nakujua: mkono mmoja hautoshi.
Wanafunzi wangu hupaka uso wa meza ukametameta,
wakasahau kingo,
na ubao huanza kufa kwenye kingo.

Basi Jumatatu, kabla ya sare:
masikio. Nyuma ya masikio. Kisogo,
pale njia za nywele zinapoachana.
Nisipake kwa ubahili, kama anayelamba stempu.
Tungoje uji upoe,
ndipo kofia, ndipo mikono mirefu.
Saa nne, kengele ya mapumziko, mkono wa pili,
na chupa mwalimu aiweke kabatini,
si dirishani.

Najaribu tone moja mgongoni mwa kiganja changu.
Linabaki jeupe juu ya makovu ya patasi.
Sikudhani anainua ukingo wa kofia, anachungulia kwa karibu,
kama anavyochungulia kila kitu.
"Baba, umekuwa mimi."
Kidogo tu. Nasugua, ngozi inakunywa,
nabaki fundi wa Keko.

Njiani anataka kujua
kama sasa ataruhusiwa kucheza rede saa sita.
Nasema saa kumi.
Anasema saa nane.
Tunapita upande wenye kivuli, tunabishana,
chupa nimeifunga ndani ya kitambaa changu cha jasho.