Hodi Kwenye Waya

Shermadin hawezi tena kushuka ngazi za ghala.
Goti limekataa, na daktari wa Telavi amekubaliana na goti.
Kwa hiyo yuko kitandani, mwezi wa kumi, zabibu zinachachuka bila yeye,
mitungi saba imezikwa hadi shingoni katika sakafu ya udongo,
na kila saa anauliza:
wa tatu una joto gani?

Lamzira, dada yake, aliyekuwa fundi wa redio jeshini
hadi jeshi lenyewe likavunjika,
amechoka kupanda na kushuka na jibu.
Ameteremsha kihisi ndani ya mtungi wa tatu,
kimevikwa mrija wa kioo, kimezibwa kwa nta.
Joto likipanda ukinzani unapungua, volti inasogea,
inasogea kama asali, haina vidato.
Kibao cha kijani, saizi ya mche wa sabuni,
kinaikata vipande elfu moja na ishirini na vinne.
Mia sita kumi na moja. Mia sita kumi na mbili.
Kilichokuwa katikati ya hizo mbili
hakuna anayekiulizia.

Kisha kebo ya buluu, mita arobaini,
chini ya mlango, kando ya banda la kuku,
kupitia tundu alilolitoboa kwa keke ya jirani,
hadi kwenye kompyuta inayogombea meza na chupa za dawa.

Wiki ya kwanza alifuata adabu.
Kibao kinabisha hodi,
kompyuta inaitika karibu,
kibao kinasema nimeisikia karibu yako, ndipo kinatoa namba,
na kinangoja kuambiwa imefika.
Kuku akidonoa kebo, mazungumzo yanaganda mlangoni,
hodi, hodi, hodi,
na Shermadin anapiga ukuta kwa fimbo.
Wiki ya pili akaiacha adabu.
Namba inatupwa kizingitini; aokotaye aokote.

"Namba," alisema Shermadin, akiutazama mstari.
"Mimi mtungi nilikuwa nautegea sikio."

Hakumjibu. Alivunja simu mbovu,
akachomoa maikrofoni,
akaitundika mdomoni mwa mtungi, waya kwenye pini ya pili.
Vipimo elfu nane kila sekunde,
mia mbili katika kila pakiti,
kila pakiti na namba yake mgongoni, kama mkimbiaji.

Spika ikakohoa. Ukaja mvumo wa friji.
Kisha: pwa.
Pwa-pwa. Pwa.

Shermadin alifumba macho.
"Una haraka huu. Ukoroge alfajiri, usingoje jioni."

Kwenye kioo Lamzira anasoma:
elfu nne mia nne kumi na saba,
elfu nne mia nne kumi na tisa.
Ya kumi na nane imepotelea huko, kati ya kuku na ukuta.
Anafungua kinywa kumwambia,
na mgonjwa, bila kufumbua macho,
anainua kidole: nyamaza.