Ndugu wa Tumbo Moja

Høgni anavijua vyoo vyote vya Klaksvík:
cha kituo cha mafuta, ufunguo umefungiwa kijiti,
cha maktaba, kinachowahi kufungwa,
cha kanisani, mlango wake unalia kama kondoo.
Handaki lipitalo chini ya bahari halina choo.
Ni dakika chache tu, watu humwambia.
Utumbo hausomi saa.
Akaacha kazi ya kusambaza mikate.

Mtu akipayuka, husemwa anaongea utumbo.
Basi kaka yangu aliongea nini, miaka tisa,
wa kwake ukijitafuna wenyewe,
askari wa mwili wakiwapiga wenyeji?
Alisema: sijambo.
Alisema: nimekula njiani.
Harusini kwa Bjarta alikaa karibu na mlango
na watu wakasema anaringa.

Sisi ni wa tumbo moja.
La mama lilitubeba sote wawili.
Lake yeye halimbebi.

Kila baada ya wiki nane, hospitali ya Tórshavn:
wanampima uzito, wanachukua damu.
Mara ngapi kwa siku?
Maumivu, moja hadi kumi?
Naye hujibu kama mwanafunzi aliyekariri.
Mficha maradhi, tunaambiwa, kilio humuumbua.
Lakini Høgni hakuficha.
Aliulizwa nusu, akajibu nusu.

Desemba, saa tisa alasiri, giza limeshaingia,
alivua saa yake akanivisha.
Chukua, Rannvá. Mimi sina tena pa kuwahi.
Siku tatu niliivaa
nikiisikia inagonga, nisisikie inachosema.

Ya nne nilimsindikiza.
Zamu ilikuwa ya muuguzi mgeni, Sunnvør,
mama mnene mwenye mafua.
Aliandika uzito. Akatazama kilo zilizopotea,
akamtazama yeye, akaweka kalamu chini.
Høgni, umewahi kufikiria kujiua?

Hivyo hivyo. Neno zima, bila shuka.
Nilitaka kumziba mdomo,
nikidhani swali ndilo litakalompa wazo.
Kumbe kaka yangu alishusha pumzi
kama mtu katikati ya mji asioujua
aliyeoneshwa choo kilipo,
na mlango u wazi.

Kila siku, akasema.
Kila siku, tangu kiangazi.

Hatukurudi nyumbani jioni ile.

Sitasema amepona. Utumbo ni ule ule,
bado unamwamsha saa nane, saa kumi.
Ila sasa ana dawa mbili, ya chini na ya juu,
na namba ya simu ukutani, kando ya kalenda ya kondoo,
na mimi huuliza. Sauti hunitetemeka, nauliza.
Kuna siku hujibu: leo hapana.
Kuna siku hujibu: kaa kidogo.
Nakaa.

Jumapili iliyopita alinyoosha mkono juu ya viazi.
Nirudishie saa yangu, akasema.
Nataka kupima
hilo handaki ni dakika ngapi hasa.