Kiwanda Kiko Chini

Uso umeumbwa na haya, walisema.
Wangu waliuongeza mafuta,
kisha wakanipa kazi ya kukaanga chipsi
Barabara ya Latema, mlango wa tatu kutoka kwa fundi saa,
makarai mawili, saa nne asubuhi hadi saa tatu usiku.

Wateja ni watu wa adabu. Hawasemi kitu.
Wananipa noti,
na tishu juu ya noti.

Miaka sita niliupiga vita uso huu.
Sabuni ya mche, ile ya kufulia aproni,
alfajiri, mchana, na usiku nikifika Huruma,
nasugua hadi ngozi inalia kama sahani.
Nusu saa, pua inaanza.
Kisha paji. Kisha kidevu na vipele vyake viwili,
wapangaji wasiolipa kodi wala kuhama.

Jumanne ya mshahara nikaingia kwa Mumbua,
yule wa kemisti ya pembeni, mwenye miwani ya kamba.
Nikaongea chini chini, kama anayeulizia ugonjwa wa siri.
"Nipe kitu kikaushe. Lakini si mkorogo.
Rangi yangu sina ugomvi nayo."

"Unaosha mara ngapi?"
Nikamwambia, na sabuni nikaitaja.
Akavua miwani.
"Dada, sabuni inachukua yaliyo juu.
Kiwanda kiko chini, hakijapata habari."

Akazipanga chupa juu ya kioo
kama mtu anayenihesabia chenji.
Asidi ya salisiliki, asilimia mbili:
"Hii na mafuta wanasikilizana,
inapenya kitundu maji yasikopita.
Usiku. Si kila usiku."
Niasinamidi. Nililitamka mara tatu,
jina la mchumba wa kutoka mbali.
"Hiyo haina fujo, inabembeleza.
Wiki sita, nane. Usije hapa kesho kunilaumu."
Pakiti ya udongo mweupe, wa Jumapili,
nao uoshwe kabla haujapasuka usoni.

Halafu akaleta ya kujipaka.
Nikarudi nyuma hatua moja.
"Mafuta tena?"
"Jeli. Ya maji. Ngozi ya mafuta nayo huona kiu."

Pesa ilitosha vitatu.
Udongo niliuacha, nikasema kwetu upo wa bure.
Mumbua akasema, si huo.

Njiani nilifikiria kopo la bluu la Mama.
Kila asubuhi kabla ya shule, kiganja kizima:
uso, viwiko, magoti, nyuma ya masikio,
mpaka mwalimu wa zamu ajue
huyu ametoka kwenye nyumba yenye mtu.
Mtoto aliyepauka alikuwa mtoto asiye na wake.
Mimi niling'aa hadi mstari wa mwisho wa gwaride,
vumbi lote la uwanja likinishika,
na sikujua kuna siku
ningelipa elfu mbili
kuufuta ushahidi huo.

Wiki ya tatu, hakuna kitu.
Wiki ya tano, mpangaji mmoja akahama usiku bila kuaga.
Wiki ya saba paji lilinivusha hadi saa tisa,
na mzee wa fundi saa akanipa noti,
noti tu,
nikamrudishia chenji na kachumbari ya ziada
asijue ni ya nini.

Jioni hiyo Mama akapiga, simu ya picha,
anaishika karibu mno, naona nyusi na dari.
"Mbona umepauka hivyo? Unakula?
Kuna mtu anakuangalia huko?"

Ningemweleza. Asilimia mbili, wiki saba, kiwanda.
Nikaegemeza simu kwenye chupa ya siki,
nikainama juu ya karai, viazi vibichi vikashuka,
mvuke ukapanda ukanipaka wote,
paji, mashavu, pua.

"Ehe," akasema. "Sasa nimekuona."